Mama wa Chumba cha Nyuma

Kwa miaka sita Lois aliishi na akina mama waliokufa. Aliamka nao, akapanda nao gari kwenda chuoni, akarudi nao jioni akiwa amekwama kwenye taa za barabarani za Randburg, ambazo huko huitwa robot, na Jumamosi alikaa nao mezani akiwapanga: waliokufa kwa homa upande huu, waliokufa kwa uzazi upande ule, na kwenye faili la tatu wale waliotangazwa kufa ilhali wako hai, wamefungiwa mahali. Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu mama na binti katika riwaya za Kigothi za karne ya kumi na tisa, zile za Kiingereza zenye jumba la mawe, bwana wa jumba asiyejua kucheka, na mlango mmoja ambao kila mgeni huambiwa asiufungue, naye huufungua kabla ya sura ya saba.

Katika riwaya hizo mama ana kazi moja, nayo ni kutokuwepo. Binti hukua na picha yake ukutani. Akibahatika hupata barua ndani ya mtoto wa meza. Asipobahatika hupata mfupa. Na mama akiwa hai, basi yuko ghorofani chini ya kufuli, au pangoni, au katika nyumba ya watawa, na binti atamfikia ukurasa wa mwisho, dakika tano kabla hajakata roho. Watakumbatiana, watalia, na hakuna hata mmoja atakayemuuliza mwenzake amekula nini.

Lois aliyaandika haya kwa lugha ngumu zaidi, kama inavyotakiwa, akafika sura ya tano ikamgomea.

Yeye mwenyewe alikuwa na mama aliye hai. Rasoa, miaka sitini na minane, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi Nakuru, alipatikana kila Jumapili alasiri kwenye simu ya video, ambako kwa miaka minne mfululizo alikuwa ameonyesha paji la uso na kipande cha dari.

"Mama, shusha simu kidogo."

"Nimeshusha."

Dari lilionekana vizuri zaidi.

Lois alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka tisa. Kutoka bwenini alienda chuo, kutoka chuo akaja Johannesburg kusomea shahada ya pili, akapata kazi ya kufundisha, akapata Owuor, akapata Valerie. Siku moja, akitafuta kisingizio cha kutoandika, alipiga hesabu akagundua kwamba tangu ile miaka tisa hajawahi kukaa na mama yake zaidi ya wiki sita mfululizo. Wako mabinti katika tasnifu yake waliokaa na picha ya ukutani kwa muda mrefu kuliko huo.

Kwa hiyo Agosti mwaka 2017 alimwita. Sababu aliyotoa ni Valerie, aliyekuwa na miaka saba na alihitaji mtu wa kumpokea akitoka shule wakati mama yake anamalizia kuandika. Sababu ya kweli hakuitaja, kwa kuwa wao hawakuwa familia ya kutaja sababu za kweli: alitaka mama yake abaki. Viza ilimruhusu kukaa miaka miwili, lakini tiketi ya kurudi ilikuwa ya tarehe kumi na mbili Desemba, na Rasoa ni mtu wa kuheshimu kilichoandikwa. Lois alikuwa na miezi minne ya kutafuta namna ya kulisema jambo la maneno matatu.

Kwanza ilibidi atafute pa kumlaza. Hilo kwa watu wengine lingekuwa swali la kitanda. Kwao lilikuwa swali la kikatiba. Lois ni Mluhya wa Mumias kwa njia ya Nakuru. Owuor ni Mjaluo wa Ugenya. Nyumbani wanaongea Kiswahili ili pasiwe na mshindi. Makabila yao mawili yamebishana kuhusu mengi, kuanzia mpira hadi namna halali ya kupika samaki, lakini hili wamekubaliana bila kikao: mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, haketi naye mezani, na ikiwezekana wasikutane uso kwa uso. Umbali kutoka Ugenya hadi Randburg haupunguzi kitu. Owuor, ambaye kazi yake benki ilikuwa kupima hatari, aliipima hii akaona haifai kujaribiwa.

"Chumba cha nyuma," alisema.

Esteti yao ilikuwa na nyumba ishirini na nne ndani ya ukuta mmoja wenye waya wa umeme. Nyuma ya kila nyumba, kimegandana na ukuta wa jikoni lakini kikitazama upande mwingine kabisa, kulikuwa na chumba chenye choo chake na paa lake la bati, kilichojengwa enzi za ubaguzi wa rangi kwa ajili ya mfanyakazi wa ndani, na mtu aliyeamini kwamba mfanyakazi wa ndani hahitaji jua. Owuor alikipaka rangi mwenyewe. Akanunua kitanda, hita, pazia la maua na kioo cha kusimama. Kisha akachapa ratiba, akaibandika mlangoni mwa friji: kuanzia alfajiri hadi saa moja asubuhi, jiko ni la Owuor, saa moja hadi saa kumi na mbili jioni, jiko ni la Mama, baada ya hapo Owuor tena, baada ya kupiga honi mbili getini.

Mfumo ulifanya kazi vizuri kuliko mifumo mingi ya benki. Honi zikilia, Rasoa hufunika sufuria, hujitanda leso, hutoka kwa mlango wa jikoni na kujifungia chumbani kwake. Salamu zilipita kwa Valerie, au kwa ukuta.

"Valerie, mwambie Kukhu nimemsalimia," Owuor alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu. Kukhu ndivyo wanavyoitwa bibi wa Mumias.

"Mwambie mkwe wangu nimeitikia," ukuta ulijibu. "Na mwambie amekonda."

"Amenionea wapi?"

"Nimeona mashati kwenye kamba."

Mchana, Valerie akiwa shule, Lois alibeba kompyuta yake kwenda chumba cha nyuma. Alisema ni kwa sababu ya hita. Rasoa alichambua maharage, na kwa kuwa hakuamini mtu anayekodolea kioo cha kompyuta kimya kwa saa nne anafanya kazi, alitaka asomewe. Lois akawa anatafsiri papo kwa papo.

"Huyo mama amefungiwa huko juu miaka mingapi?"

"Kumi na tano."

"Na nani anampelekea chakula?"

"Kitabu hakisemi."

"Hakisemi! Miaka kumi na tano ya ugali, hakuna aliyeosha sufuria?"

"Mama, hao ni Waingereza. Hawali ugali."

"Wanakula hewa? Kuna mtu anapanda hizo ngazi na sinia mara tatu kwa siku. Huyo ndiye anajua kila kitu. Muulize huyo."

"Hayumo kitabuni."

"Basi aliyeandika hakuwahi kuuguza mtu."

Lois aliliandika hilo pembeni, kwa penseli, kama mtu anayeokota shilingi ya mwenzake. Wiki iliyofuata sura ya tano ilianza kusogea. Iliacha kuuliza nani alimfungia mama, ikaanza kumtafuta aliyebeba sinia, na ajabu ni kwamba alipatikana: katika nusu ya riwaya zile alikuwepo mjakazi mmoja wa mistari miwili, akipita na mshumaa, akijua kila kitu, asiulizwe na mtu. Lois alianza kuamka kabla ya kengele. Kila alipofunga kompyuta alikusudia kulisema lile jambo la maneno matatu, na kila mara Rasoa alimtangulia kwa kuuliza kama wanapata dagaa wazuri Rosettenville.

Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua na kuifanya hata barabara ya kwenda kituo cha mafuta ionekane ya maana, mwalimu wa Valerie alipiga simu. Sauti yake ilikuwa laini kupita kiasi.

Watoto walikuwa wameambiwa wachore familia. Valerie alichora nyumba, na ndani yake baba, mama na yeye mwenyewe. Kisha nje, kando, akachora kisanduku chenye dirisha dogo, na dirishani kichwa kilichofunikwa kitambaa.

"Nilimuuliza huyu ni nani," mwalimu alisema. "Akasema ni bibi yake, anakaa nje. Akasema haruhusiwi kuwa ndani baba akiwepo. Gari la baba likipiga honi, bibi anakimbia kujificha."

"Naweza kueleza," alisema Lois.

"Nilimuuliza, na baba akimshika? Akafikiri kidogo. Akasema, 'Hajawahi kumshika.' Alisema kwa fahari."

Mwalimu hakuwa na ubaya. Sheria ilimtaka apeleke taarifa, naye alishaipeleka.

Aliyekuja ni Bi. Khanyile, afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyezoea nyumba ambazo watu huanza kufagia yeye akiwa bado getini. Pamoja naye alikuja Kiprotich, mwenyekiti wa kamati ya esteti, kwa sababu mgeni yeyote mwenye faili ni lazima asindikizwe na mwenyekiti. Kiprotich alikuwa mhandisi wa barabara kutoka Eldoret, Mkenya mwenzao, na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa mkali kwao kuliko kwa watu wengine. Owuor alikuwa amechukua ruhusa kazini ili awepo, akidhani kuwepo kwake kutasaidia.

"Mama yuko wapi?" Bi. Khanyile aliuliza.

"Chumbani kwake, nyuma," alisema Lois.

"Naomba kumwona."

"Bila shaka. Ila mume wangu akiwepo hawezi kutoka."

Kalamu ilisimama. "Hawezi, au haruhusiwi?"

"Hataki."

"Anamwogopa?"

"Hapana. Anamheshimu."

"Amewahi kumpiga?"

"Mimi?" alisema Owuor. "Sijawahi hata kumtazama."

Bi. Khanyile aliandika hilo. Wakazunguka nyuma, wakapita chini ya kamba za nguo, na Bi. Khanyile akajaribu kitasa. Mlango haukufunguka.

"Ufunguo anao nani?"

"Anao yeye mwenyewe. Amejifungia kwa ndani, kwa hiari yake," Lois alisema, na maneno yalipokuwa yanamtoka akayatambua. Kila bwana wa jumba katika tasnifu yake aliwahi kuyasema, kwa mpangilio uleule, na mara nyingi akiwa amesimama mahali palepale.

"Lois!" sauti ilitoka ndani. "Mkwe wangu yuko hapo?"

"Yuko, Mama."

"Mwambie aondoke kwa heshima zake, nimkaribishe mgeni. Chai inapoa."

Owuor aliondoka kwa heshima zake, akaenda kukaa ndani ya gari nje ya geti, vioo juu. Bi. Khanyile alitaka kujua kimesemwa nini. Lois akamtafsiria, neno kwa neno, chai ikiwemo. Uso wa afisa yule ukalegea kidogo kidogo, kama mtu aliyetambua wimbo.

"Mimi ni wa Nongoma," alisema. "Mume wangu akifika kwetu, mama yangu anajifunika mabega na shuka, na jina lake hajalitaja hata siku moja. Miaka ishirini na mbili. Anamwita 'yule wa gari jeupe', na gari tulishaliuza." Akageukia mlango, akabisha kwa vidole viwili. "Mama, amekwenda. Fungua."

Alikaa ndani dakika arobaini. Kiingereza cha Rasoa kilikuwa cha ofisi ya ardhi, kimejaa mihuri na marejeo, lakini kilitosha, kwa maana mara mbili walisikika wakicheka. Bi. Khanyile alipotoka alifungua fomu yake. Ilikuwa na visanduku vya njaa, kipigo, uchafu na kutelekezwa. Cha heshima hakikuwepo. Akaandika mstari mmoja pembeni, akafunga faili, akaaga.

Ingeishia hapo, kama Kiprotich hangekuwa bado amesimama kwenye kamba za nguo.

"Shemeji, mila naielewa," alisema. "Kwetu ni vivyo hivyo. Lakini nimeona kitanda."

"Umeona kitanda cha mama yangu."

"Nimeona kitanda. Kanuni ya kumi na nne: chumba cha nyuma hakilali mtu, isipokuwa mfanyakazi wa ndani aliyeandikishwa. Mimi nikiwafumbia macho nyinyi, wale wa nyumba namba tisa watasema nimegeuza esteti kuwa Kenya."

"Kwa hiyo?"

"Siku thelathini. Lakini kuna njia. Ya kwanza ni rahisi kabisa: muandikishe kama mfanyakazi wa ndani."

Lois aliinua kichwa. Alimtazama kwa namna iliyomfanya Kiprotich arudi nyuma hatua moja, hadi shuka lililoanikwa likamfunika uso.

"Muulize siku ya mapumziko ni ipi," ilisema sauti kutoka chumbani.

"Mama!"

"Nauliza tu. Alhamisi ingenifaa."

"Na njia ya pili?" Lois aliuliza akiwa amekaza meno.

"Mkiunganishe na nyumba. Mtoboe mlango jikoni, paa liwe moja. Hapo kinahesabika chumba cha kulala, na mimi sina neno."

Alipoondoka, Lois alibaki ameshika kibanio cha nguo. Kwa kamati, chumba kilitakiwa kiwe ndani ya nyumba. Kwa mila, kilitakiwa kiwe nje yake. Mama yake alikuwa halali mahali palepale ambapo alikuwa haramu, na hakuna hakimu wa pande zote mbili.

Kesho yake asubuhi alikuta sanduku limefunguliwa kitandani. Rasoa alikuwa anakunja leso kwa utaratibu, pembe kwa pembe.

"Mwambie Owuor abadilishe tiketi," alisema. "Ijumaa kama kuna nafasi. Sikuja kukuletea kesi na majirani."

Katika tasnifu ya Lois mabinti ishirini na watatu walikuwa wamesimama kwenye mlango wa namna hiyo, na hakuna aliyesema neno la kufaa. Wengi walizimia. Lois hakujua kuzimia. Angeanza kujifunza wapi katika umri huo?

"Mama, usiende."

"Desemba si ningeenda tu?"

"Hata Desemba usiende."

Rasoa aliendelea kukunja. "Hilo umelianza lini?"

"Nikiwa na miaka tisa."

Leso ilibaki hewani. Nje, mashine ya kukata majani ya mtu wa namba tisa iliguruma, ikazima, ikaguruma tena.

"Nyumba ya stafu niliyopewa kazini ilikuwa chumba kimoja," Rasoa alisema hatimaye, akiiambia leso. "Na baba yako akilewa alikuwa hachagui wa kumtukana. Nikasema, angalau mmoja wetu alale vizuri. Sikuwa nakutupa. Nilitafuta shule yenye ukuta mrefu."

"Hukuniambia."

"Ungekuwa na miaka tisa na hiyo habari. Ungeibeba na nini?"

Lois alikaa juu ya sanduku. Hakuwa amepanga, kiti kilikuwa na maharage. Leso zilibonyea chini yake, na kwa muda hakuna aliyejali.

"Nikae, nakubali," alisema Rasoa. "Moyo wangu ungetaka. Lakini chini ya paa la mkwe silali, hata kamati ije na polisi. Nitamtazamaje mtu wa Mumias?"

"Paa la mkwe," Lois alirudia polepole.

Akainuka, akaenda ndani, akarudi na bahasha.

Walipoinunua nyumba ile mwaka 2014, benki ilitaka kibali cha ukaazi wa kudumu. Lois alikuwa nacho. Karatasi za Owuor zilikuwa Pretoria, mahali ambapo karatasi hupelekwa kupumzika. Nyumba ikaandikwa jina la Lois peke yake, na tangu siku hiyo hakuna kati yao aliyelitaja jambo hilo kwa mtu wa nyumbani, kwa sababu kaka zake Owuor huko Ugenya walijua ndugu yao ana nyumba, na ilionekana vizuri waendelee kujua.

Rasoa alivaa miwani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepokea hati za watu dirishani. Aliwahi kuona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya futi mbili za ua. Alisoma kama mtu anayelipwa kutafuta kosa. Alikagua muhuri, namba ya kiwanja, sahihi, akaigeuza nyuma, akaiinua dirishani kutazama kama karatasi ni ya kweli.

"Jina ni lako."

"Ndiyo."

"Peke yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na Owuor anajua?"

"Alikuwepo. Yeye ndiye aliyeniazima kalamu."

Rasoa alivua miwani. Usoni mwake kulipita kitu ambacho Lois alidhani ni ushindi, kumbe ni huruma.

"Maskini mtoto wa watu," alisema. "Anaishi kwako, na mimi namtoroka kama vile yeye ndiye mwenyeji. Unamlisha vizuri?"

Hata hivyo hakukubali siku hiyo. Karani mzuri haridhiki na hati tu. Husikiliza na pande husika. Jioni, baada ya honi mbili, Owuor aliitwa asimame jikoni mbele ya ukuta wa nyuma. Lois alisimama naye. Valerie aliletewa kiti, kwa kuwa alikataa kwenda kulala wakati mambo yanaendelea.

"Mkwe wangu," ukuta ulisema, "nyumba hii ni ya nani?"

Owuor alikohoa. Alilitazama friji, ratiba, mke wake. Ugenya ni mbali, lakini kuna maneno yanayosafiri.

"Ni ya Lois, Mama."

"Sijasikia vizuri."

"Nyumba ni ya Lois!" Sasa namba tisa nao walikuwa wamesikia. "Mimi hapa nimekaribishwa!"

"Na umekubali nilale kwa binti yangu?"

"Mama, mimi ni nani wa kukubali? Si nimesema nimekaribishwa?"

Ukuta ukacheka, na Owuor naye akacheka, wakicheka hivyo kila mtu upande wake, hadi Valerie akauliza kama sasa ameruhusiwa kumchora Kukhu ndani. Rasoa alitoa masharti: mlango wake wa nje ubaki, ratiba ibaki, honi zibaki, na macho yabaki na adabu yake. Paa pekee ndilo lililobadilika, na hilo lilikuwa limebadilika tangu 2014 bila mtu kumjulisha.

Novemba alikuja Théodore, fundi kutoka Bukavu aliyekaa Turffontein, na nyundo yenye uzito wa mtoto. Alipiga ukuta mara tatu, akausikiliza.

"Maman, ukuta hii iko na nguvu sana," alimwambia Rasoa. "Bale batu ba zamani, balikuwa banaogopa nini huku jikoni?"

"Walikuwa wanaogopa kuonekana hawajui kupika."

Ilimchukua siku nne kutoboa mlango, kuinua bati na kuunganisha paa. Siku ya tano alishika komeo mkononi, akauliza liwekwe upande gani, wa jikoni au wa chumbani. Lois alifungua mdomo. Juu ya swali hilo alikuwa ameandika kurasa sitini na mbili.

"Weka mawili," alisema Rasoa. "Kila mtu ana siku zake."

Baada ya hapo kazi ya Lois ilipungua kasi kwa namna ambayo hakuna mwongozo wa chuo unaoitaja. Akina mama waliokufa walikuwa wamemwacha aandike. Huyu alifungua mlango kila dakika kumi. Unaandika? Naandika. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Hicho si chakula. Ikabidi aombe aongezewe muda hadi Machi, na kwenye fomu, palipoandikwa 'Sababu', akajaza: mama yangu yuko nyumbani. Msimamizi wake alidhani ni ugonjwa, akatuma ujumbe wa pole. Lois hakumsahihisha.

Tarehe kumi na mbili Desemba ndege iliondoka. Saa ya kuondoka kwake Rasoa alikuwa nyuma ya kamba za nguo, amejifunga leso kiunoni, akilima kipande cha majani ambacho kilikuwa mali ya wakazi wote. Mvua ya mawe ya jana yake ilikuwa imelainisha udongo. Lois alikuwa akimpokeza mbegu kutoka kwenye mfuko wa plastiki, na hakuna aliyetazama saa, ingawa wote wawili waliijua.

Kiprotich alitokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa na karatasi.

"Mama, habari ya leo. Samahani. Kanuni ya ishirini na mbili, hapa panaruhusiwa maua peke yake."

"Kwenu Eldoret mnakula maua?"

"Hapana, Mama."

"Basi?"

Kiprotich aliutazama udongo. Aliitazama mbegu mkononi mwa Lois, akainama kidogo, akanyoosha shingo.

"Hizo ni za managu, zile mboga za kwetu?"

"Ni za managu," alisema Rasoa. "Wiki sita hivi, kama jua litakuwa la kweli."

Kiprotich alitazama upande wa namba tisa. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Kwa mbali," alisema, "yanafanana sana na maua." Akasita. "Mama, ukivuna mwezi wa pili, utakuwa unajua nyumba yangu ni ipi?"

"Nitakuwa ninaijua," alisema Rasoa, akanyoosha kiganja kwa binti yake bila kugeuka. "Lete nyingine."